Kuandaa mada ya mafunzo inayoeleweka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakufunzi wa Kigoma

Ukurasa huu ni wa wale wanaosimama mbele ya watu kuwafundisha kazi: maafisa ugani wa Kasulu na Uvinza, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa vikundi vya kuweka na kukopa, wataalamu wa uvuvi wanaoshuka mwaloni, mahali mitumbwi inapofikia, Kibirizi na Katonga. Maswali haya hurudi kila wakufunzi wanapokutana. Yamepewa namba ili pale jibu moja linapotegemea jingine, uende huko moja kwa moja.

## Kabla hujafungua kompyuta

1. Nimepewa mada. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kazi ambayo mshiriki ataifanya akirudi kwake. Usianzie kwenye kichwa cha mada, wala kwenye slaidi za mwaka jana. Chukua karatasi ujiulize: mama anayeanika dagaa Katonga, kesho atafanya nini ambacho jana alikuwa hafanyi? Ukikosa jibu, mada haijaiva, hata kama tayari una slaidi hamsini.

Tuseme umepewa kichwa hiki: "Uhifadhi bora wa mazao ya uvuvi". Humo ndani mna barafu, ukaushaji, ufungashaji, masoko na sheria. Hakuna anayeweza kufundisha yote hayo asubuhi moja watu wakaondoka na kitu. Lakini kwa mama anayemwaga dagaa mchangani, jambo moja linaweza kubadili biashara yake: kuanika juu ya kichanja. Hewa inapita juu na chini, dagaa wanakauka upesi, hawashiki mchanga, na mnunuzi anakosa sababu ya kushusha bei. Hapo sasa una mada. Kila unachotaka kusema kipime kwa swali moja: je, kinamsaidia mama huyu kukijenga kichanja na kukitumia? Kisichomsaidia kibaki ofisini.

2. Lengo la kipindi liandikweje?

Liandikwe kwa kitendo unachoweza kukiona kwa macho. "Washiriki watapata uelewa kuhusu kilimo bora cha michikichi" si lengo, kwa sababu huwezi kusimama shambani ukauona uelewa. "Mshiriki ataweza kupima nafasi ya mita 9 kwa mtindo wa pembetatu na kuchomeka mambo (vijiti vya alama) mahali pa mashimo" ni lengo. Akimaliza, utaona ameweza au hajaweza.

Maneno kama kufahamu, kuelewa, kutambua na kujengewa uwezo yaogope. Tumia kupima, kujaza, kuchagua, kufunga, kuchanganya, kuandika, kuonyesha. Ofisi nyingi hudai malengo matano au sita kwenye andiko la mradi. Waandikie, ni haki yao, lakini kwenye daftari lako liwe moja tu.

3. Mada moja ibebe mambo mangapi?

Matatu. Manne ikibidi sana.

Kiasi hiki kina msingi wake. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller alieleza kwamba mtu hushika vitu karibu 7 kwa wakati mmoja katika kumbukumbu ya muda mfupi. Mwaka 2001 mtafiti mwingine, Nelson Cowan, alipitia ushahidi uliokuwa umekusanyika akaonyesha kwamba, pale mtu anaposhindwa kuviunganisha vitu hivyo au kuvirudiarudia kichwani, uwezo huo ni karibu 4. Na hao waliopimwa walikuwa wametulia chumbani. Mshiriki wako ana mtoto mgongoni, anawaza daladala ya kurudi, na simu inaita.

Mambo matatu hayo yawe hatua za kazi moja, si mada tatu zilizobanwa pamoja. Kwa kichanja: urefu wake kutoka ardhini, wavu unavyokazwa, dagaa wanavyotandazwa bila kurundikana. Unene wa wavu, aina ya mbao na gharama yote viende kwenye kitini, yaani karatasi utakayowagawia (tazama swali la 14).

4. Nitawajuaje washiriki kabla ya siku yenyewe?

Piga simu. Mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kikundi, katibu wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni), mwalimu mkuu. Yeyote aliye karibu nao. Uliza wangapi wanasoma bila taabu, ni akina nani hasa wanaofanya kazi hiyo kwa mikono yao, na walishawahi kufundishwa nini kuhusu jambo hilo.

Swali la mwisho ndilo lenye dhahabu. Mara nyingi utajibiwa, "Walishafundishwa, ila hawakufanya." Uliza kwa nini. Labda mbao ni ghali, labda eneo la mwalo si lao, labda mume ndiye mwenye uamuzi. Ukilijua hilo kabla, mada yako itajibu kikwazo chenyewe badala ya kurudia somo ambalo tayari wanalijua.

Na hakikisha wanaokuja ndio wanaofanya. Kuna semina za uanikaji wa dagaa ambazo ukumbi mzima ni wanaume wenye mitumbwi, na waanikaji wenyewe wako mwaloni wanaanika.

5. Nipange siku na saa gani?

Hili watu hulipita haraka, na ndilo linaloua mafunzo mengi hapa kwetu. Kwa wavuvi wa dagaa, angalia mwezi. Wanavua usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti samaki, na wengi hupumzika, hutengeneza nyavu na injini. Siku hizo utawapata wakiwa macho. Ukiwaita asubuhi baada ya usiku wa giza, utawafundisha watu ambao hawajalala.

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kipindi cha namna hiyo wavuvi wako nchi kavu na ukumbi utajaa, lakini kumbuka kwamba mtu aliyesimama kipato hana subira na nadharia. Mpe kitu cha kumwingizia fedha, au cha kumwandaa ziwa likifunguliwa.

Kwa wakulima, usiite semina mvua za kwanza zinapoanguka. Epuka siku ya gulio, isipokuwa unafundishia guliani kwenyewe. Ujiji na mjini, Ijumaa ufunge kipindi mapema, kabla ya swala. Kuhusu saa, kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana ndipo vichwa viko vizuri. Baada ya ugali na mgebuka usimpe mtu mhadhara; mpe kazi ya kusimama.

## Kupanga mtiririko

6. Nifungueje?

Salimia kwa adabu kwanza. Shikamoo za wazee hazirukwi, na ukijua "Mwakeye", salamu ya Kiha, lugha ya wenyeji, iseme kutoka moyoni, si kama pambo. Baada ya hapo weka kitu mbele yao.

Kwa somo la kichanja, beba sahani mbili. Moja ina dagaa walioanikwa mchangani, nyingine walioanikwa kwenye kichanja, wote wamenunuliwa sokoni Mwanga asubuhi hiyo. Usiseme zipi ni zipi. Zipitishe mkono kwa mkono, kila mtu achukue dagaa mmoja kutoka kila sahani, atafune. Subiri. Utasikia mchanga ukisagika kwenye meno, utaona mama mmoja akimtazama mwenzake. Kisha uliza: "Mama zangu, ungekuwa mnunuzi kutoka Dar es Salaam, ungelipa zaidi sahani ipi?" Hapo utakuwa hujataja lengo wala jina la mradi, na tayari kila mtu anajua amekuja kwa ajili gani.

Utambulisho wa washiriki mmoja mmoja, matarajio na kanuni za semina hula nusu saa. Kikundi kinachofahamiana hakina haja navyo.

7. Nina saa moja. Niigaweje?

Dakika 5 za kufungua, 15 za kueleza na kuonyesha, 25 za washiriki kufanya wenyewe, 10 za maswali na kusahihishana, 5 za kuahidiana nani atafanya nini na lini. Mgawo huu si amri, ila ukiona sehemu ya wewe kusema imezidi ya wao kufanya, rudi ukapunguze.

Dakika 15 zinaogopesha watu wenye mengi ya kusema. Jipime: fungua saa ya simu, simama, sema mada yako kwa sauti ukiwa peke yako. Kusoma kimoyomoyo hakuhesabiki, maana kichwa hukimbia kuliko mdomo. Na ukumbini utachukua muda mrefu zaidi ya ule wa chumbani, kwa kuwa watu watacheka, watauliza, mtu atachelewa kuingia. Kipindi cha saa moja kikitoka dakika 50 nyumbani, kimejaa.

8. Nikate nini? Vyote vinaonekana muhimu.

Kata historia ya mradi. Kata muundo wa taasisi yako. Kata maana rasmi za maneno ambayo watu wanayatumia kila siku. Anayeanika dagaa hahitaji kuambiwa kukausha maana yake nini. Kata orodha ya sheria, baki na kile kifungu kinachomgusa. Kata mfano wa pili ikiwa wa kwanza umeeleweka.

Ukikwama, chukua kila kipande cha mada ujiulize: nikiondoa hiki, je, ataharibu kazi? Akiharibu, kibaki. Asipoharibu, kiweke kwenye kurasa za nyuma za daftari lako, utakitoa mtu akikiuliza. Mkufunzi mwenye akiba asiyoitumia anasimama kwa utulivu.

9. Takwimu nizitumieje?

Chache, na kwa vipimo vya mshiriki. Ikiwa ripoti inasema shamba linatoa tani 0.7 kwa hekta, mkulima wa Buhigwe hana picha yoyote. Mwambie ni karibu magunia matatu ya kilo mia kwa ekari, atakujibu hapohapo kama yeye anapata hayo au pungufu. Hesabu ya kubadili ni yako, uifanye nyumbani.

Vilevile kwa michikichi. Kwa nafasi ya mita 9 za pembetatu, hekta moja huchukua miche kama 143, na ekari moja kama 58. Namba anayoihitaji mkulima ni hiyo 58, kwa kuwa ndiyo atakayoitumia akienda kununua miche.

## Slaidi, bango kitita na vitini

10. Je, lazima niwe na slaidi?

Hapana. Slaidi zinafaa kuonyesha kile usichoweza kukibeba: picha ya ugonjwa wa jani, ramani, ukurasa wa fomu uliokuzwa ili wote waone mahali pa kujaza. Kitu chenyewe kikiwepo, slaidi inakuwa ukuta kati yako na watu.

Wanaodhani somo bila mitambo haliwezi kufika mbali wakumbuke mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa vikundi vikundi kando ya redio, na kiongozi aliyefundishwa na kijitabu mkononi. Walisikiliza, wakajadili, wakaamua, kisha wakatoka kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba na kufukia madimbwi. Walioipanga walijua kila kipindi kinataka mikono ya watu ifanye nini. Hicho ndicho swali la 1 linakutaka ukijue.

Mfano wa karibu ni somo la kupima nafasi za michikichi. Unahitaji kamba ya mita 27 iliyounganishwa ncha kwa ncha, yenye fundo tatu, kila fundo mita 9 kutoka jingine. Watu watatu wanashika fundo moja moja na kurudi nyuma mpaka kamba ikaze. Pembetatu imepatikana, mambo tatu zinachomekwa. Wawili wanabaki mahali pao, wa tatu anavukia upande wa pili, kamba inakazwa tena, mambo ya nne inapatikana. Mzee ambaye hajawahi kushika kalamu atapima shamba zima hivyo. Slaidi ya pembetatu yenye mishale ingemchosha bure. Ukiwa karibu na Kihinga, kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), omba kuwapeleka washiriki wakaone mistari ya michikichi iliyopandwa kwa nafasi. Safari ya asubuhi moja inatosha.

11. Nikitumia slaidi, ziwe ngapi na herufi ziwe na ukubwa gani?

Idadi haina kanuni. Slaidi moja, wazo moja, likiisha, songa. Herufi zisipungue pointi 28, na vichwa viwe vikubwa zaidi. Jaribu ukumbini: simama mstari wa mwisho usome. Kumbi zetu nyingi zina madirisha makubwa yasiyo na mapazia, na jua la saa tano linafuta kila kitu chenye rangi nyepesi. Maandishi meusi juu ya nyeupe ndiyo yanayosalimika. Njano juu ya nyeupe haionekani kabisa.

12. Kwa nini nisiandike kwenye slaidi kila ninachosema? Nikisahau je?

Kwa sababu mtu hawezi kusoma sentensi moja na kusikiliza nyingine vizuri kwa wakati mmoja, na hata zikiwa sentensi zilezile zinamchosha. Utafiti wa Richard Mayer wa Marekani kuhusu kujifunza kwa picha na sauti umeonyesha kwamba picha ikiambatana na maelezo ya mdomo, watu hujifunza vizuri zaidi kuliko picha hiyohiyo ikiongezewa maandishi yanayorudia maelezo yale. Na wasiosoma haraka wataacha kukusikiliza ili wanakili.

Kuhusu kusahau: andika maneno ya kukukumbusha kwenye kadi ndogo mkononi, neno moja kwa kila hatua. Hakuna mshiriki atakayekudharau kwa kuangalia kadi. Atachoka akiona mgongo wako.

13. Bango kitita linafaa bado?

Linafaa sana, karatasi zile kubwa za kufunua moja moja, hasa kwa watu chini ya 30. Halihitaji umeme, na kilichoandikwa kinabaki ukutani siku nzima. Andika kwa maka peni nyeusi au bluu. Nyekundu iwe ya kupigia mstari tu. Herufi ziwe na urefu wa vidole viwili. Michoro yenye kazi ichore nyumbani kwa penseli hafifu, ukumbini upitishe wino juu yake huku ukieleza, nao waone kitu kikijengeka hatua kwa hatua. Beba gundi ya karatasi, kuta za udongo hazishiki kila kitu.

14. Kitini kigawiwe lini?

Mwisho. Ukikigawa mwanzo, watu watakisoma wewe ukiwa unaongea. Kama kina fomu ya kujaza, igawe wakati wa kujaza, si kabla.

Kitini kizuri ni ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Mbele hatua za kazi zikiwa na michoro. Nyuma vipimo, bei za takriban ulizoziulizia wiki hiyo sokoni, na mahali pa kupata vifaa. Namba ambazo mtu akizikosea zinaleta hatari zisitegemee kumbukumbu. Ukifundisha kuchanganya ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini mtu akiharisha), kila mtu asome kiasi cha maji kwenye pakiti yenyewe, apime kwa chupa ya lita moja, na kiasi hicho kiandikwe pia kwenye kitini.

## Lugha na watu

15. Washiriki wengi ni wazee wanaozungumza Kiha. Nifanyeje?

Kama wewe Kiha hukijui, tafuta mwezeshaji mwenza wa kijijini anayekijua, umpe mada siku mbili kabla, mkae naye muipitie. Asiwe mkalimani wa kushtukizwa. Akiijua mada, ataifundisha. Asipoijua, atafupisha maneno yako ya dakika tatu yawe sentensi moja, na hutajua kilichodondoka.

Punguza maudhui karibu nusu, kwa sababu kila jambo linasemwa mara mbili. Sema sentensi fupi kisha nyamaza. Na mwangalie mzee unayeongea naye, usimwangalie mkalimani.

16. Na kambini Nyarugusu, je, ni vilevile?

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996, na imewapokea Wakongo na Warundi. Kirundi na Kiha vinakaribiana kiasi kwamba Muha na Mrundi huelewana. Wakongo wanazungumza Kiswahili, lakini chao kina maneno na matamshi yake. Usidhani kila neno la Dar es Salaam linafika. Njia salama ni kumwomba mshiriki arudie hatua kwa maneno yake mwenyewe mbele ya wenzake, kisha wewe uyatumie maneno hayo mpaka mwisho wa kipindi. Mengine ni kama swali la 15.

17. Wanawake wamekaa nyuma na hawasemi. Niwalazimishe?

Usimlazimishe mtu kusema mbele ya baba mkwe wake. Panga kipindi ili kusema kusiwe lazima: kazi za vikundi vya watu wanne, wanawake peke yao na wanaume peke yao, kila kikundi kina kifaa chake. Pita ukisikiliza. Utakachokisikia kwa wanawake kipeleke kwa wote bila kutaja jina: "Kuna kikundi kimeniambia wavu unalegea baada ya wiki mbili, tuone tunaukaza vipi." Wakati mwingine mwenye hoja atasimama mwenyewe.

Watoto watakuwepo. Weka mkeka pembeni na muda wa kunyonyesha kwenye ratiba, isiwe jambo la kuombea ruhusa.

18. Kuna mshiriki anajua kuliko mimi. Nimfanyeje?

Furahi, na umtafute kabla. Fundi aliyejenga mitumbwi miaka yote, au mama aliyeanika dagaa tangu usichana, mwombe kwa heshima: "Mama, hatua hii ya pili naomba uwaonyeshe wewe." Mikono yake itafundisha kuliko maelezo yako, na wenzake watamwamini. Akipingana nawe hadharani, mpe nafasi aeleze sababu. Mara nyingi anajua jambo la mahali hapo ambalo mwongozo haukulifikiria.

19. Kwenye ukumbi mmoja nina diwani, mwalimu na mkulima asiyesoma. Nimlenge nani?

Mlenge atakayefanya kazi. Ukimfundisha mkulima vizuri, mwalimu ataelewa pia. Ukimfundisha mwalimu, mkulima atabaki amekaa. Wenye elimu wape majukumu ndani ya vikundi, kama kuandika na kusoma kitini kwa sauti.

## Mambo yanapokwenda kombo

20. Umeme umekatika katikati ya mada.

Endelea. Mada iliyopangwa kama swali la 10 inavyosema haitatetereka. Siku zote uwe na karatasi moja yenye hatua zako tatu na bango kitita lililokunjwa nyuma ya mlango. Usisimamishe watu nusu saa ukisubiri jenereta iwashwe. Wakishatoka nje hawarudi wote. Slaidi zako ziwe kwenye flashi na kwenye simu pia, kwa sababu kompyuta iliyozimika ghafla huweza kukataa kuwaka.

21. Mvua inapiga kwenye bati, sisikiki.

Msimu wa mvua hili litakukuta tu, kwa hiyo lipange. Usipige kelele, utaumia koo na bado mstari wa tatu hausikii. Uwe na zoezi la kimya tayari: kila kikundi kipewe kamba, wavu au daftari la kujaza, waanze kazi huku ukipita kundi hadi kundi na kuongea karibu na masikio yao. Mvua ikipungua unakusanya walichokipata. Anayefundisha daftari la kikundi cha kuweka na kukopa awe na ukurasa mmoja wa mahesabu wenye makosa yaliyopandwa makusudi, washiriki wayatafute. Ni kazi ya dakika 20, haihitaji sauti.

22. Mgeni rasmi amechelewa saa mbili na muda wangu umekatwa.

Omba mwandaaji mapema ufundishe kabla ya ufunguzi. Wengi hukubali ukieleza kwamba mheshimiwa atawakuta washiriki wakiwa kazini, jambo linalompendeza kila kiongozi. Ikishindikana na umebaki na dakika 20, usiseme haraka. Futa maelezo, anza na zoezi, fundisha hatua moja kati ya tatu mpaka waiweze, mbili zilizobaki wapangie siku nyingine ya kukutana. Ndiyo sababu unapoandaa unapaswa kujua hatua ipi ikibaki peke yake bado ina faida.

23. Makao makuu wameniletea slaidi 80 na kuagiza zitumike zote.

Hapa kuna mvutano wa kweli. Wana sababu zao: ujumbe usipotoshwe, mkoa usiachwe nyuma. Zisome zote, uweke alama kwenye zile zinazohusu kitendo cha washiriki wako; mara nyingi hazizidi kumi. Kisha mwandikie msimamizi kabla, si baada: taja washiriki ni nani, muda ni kiasi gani, slaidi zipi utaonyesha na zilizobaki utazigawa vipi. Kwa kawaida kibali hupatikana, maana umeonyesha umezisoma. Kwenye mambo ya tiba na sumu za kilimo usibadili hata neno la vipimo.

24. Nimeombwa niwasilishe kwa mtandao.

Fupisha iwe nusu. Tuma kitini kabla, kinyume na swali la 14, kwa sababu sauti itakatika. Kila baada ya dakika tano mtaje mtu kwa jina umwombe aeleze alichokishika. Wa Kakonko na Kibondo wakusanyike ofisi moja kwenye simu moja na spika, kuliko kila mmoja kuhangaika na bando lake.

25. Nitajuaje wameelewa?

Usiulize "Tumeelewana?" Watakujibu ndiyo, kwa adabu. Waambie wafanye mbele yako, na anayefanya aeleze kwa nini amefanya hivyo. Akiweza bila kukuangalia usoni kutafuta idhini, ameelewa.

Kisha rudi. Wiki tatu baadaye pita mwaloni au shambani, hesabu vichanja vilivyosimama. Vikiwa vichache, usiwalaumu kabla hujauliza. Fungua tena maelezo ya swali la 4 uone kikwazo gani hukukigusa. Fomu za tathmini za mwisho wa semina, zile za kuweka tiki kwenye "nzuri sana", zinakuambia kama chai ilikuwa ya moto.

26. Sina semina. Nimepewa dakika kumi kwenye mkutano wa kijiji, chini ya mwembe.

Hapo ndipo maandalizi hupimwa kuliko ukumbini. Chukua kitendo kimoja, kitu kimoja cha kushika, na mtu mmoja wa kijiji hicho ambaye tayari anakifanya. Salimu wazee, mshukuru mwenyekiti, inua kitu chako. Dakika tatu eleza hasara wanayoijua. Dakika nne yule mwenzao aonyeshe anavyofanya. Zilizobaki sema siku, saa na mahali utakapokuwepo kwa anayetaka kujaribu kwa mikono yake, na mwombe mtendaji aandike majina hapohapo kabla mkutano haujahamia kwenye ajenda ya michango.